Sumaku Mbili Tumboni mwa Mtoto

Mtoto anayekulia Mzinga, Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, hahitaji maabara ili apate sumaku. Redio mbovu ikifunguliwa, sumaku imo nyuma ya spika. Mzazi humwona mwanawe akiokotea misumari kwa kipande hicho, akafurahi. Na ana haki, maana sayansi huanza hivyo.

Siku hizi, hata hivyo, zipo sumaku nyingine, ndogo kama punje ya mahindi, zing'aazo, zitiwazo katika vitu vya kuchezea na mapambo. Zimetengenezwa kwa neodimiamu, chuma na boroni, nazo zilivumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Udogo wake usitudanganye. Natupige hesabu.

Mwaka 1785 Mfaransa Charles Coulomb alionyesha kwamba umbali kati ya ncha mbili za sumaku ukiwa maradufu, nguvu yao hubaki robo. Lakini kila sumaku ina ncha mbili, kaskazini na kusini, na mvuto wa moja hupunguzwa na msukumo wa nyingine. Kwa hiyo nguvu kati ya sumaku ndogo zilizo mbalimbali hupungua upesi zaidi: umbali ukiwa maradufu, hubaki sehemu moja tu ya 16. Ndiyo maana mtoto akizileta pamoja hahisi kitu, kisha ghafla zinambana kidole.

Zikikaribia kugusana, kanuni ni nyingine. Chukua nguvu ya uga wa sumaku kati yao kwa tesla, uizidishe kwa yenyewe, kisha kwa 4, kisha kwa eneo la uso kwa sentimita za mraba. Jibu, kwa kukadiria, ni kilo. Sumaku ya mviringo yenye upana wa milimita 5 ina uso wa sentimita ya mraba 0.2. Uga ukiwa nusu tesla, tunapata 0.5 × 0.5 × 4 × 0.2, yaani kilo 0.2. Hizo ni gramu 200 zinazobana mahali padogo kama punje, usiku na mchana, bila kuchoka.

Sasa fikiri mtoto amemeza moja asubuhi na nyingine jioni. Zinakaa katika mikunjo miwili ya utumbo, na kuta za utumbo ni nyembamba. Zinavutana, zinabana nyama iliyo kati yao, damu haipiti, na mwishowe utumbo hutoboka. Sumaku moja pamoja na kipande cha chuma huweza kuleta balaa lilelile. Dalili ni maumivu ya tumbo, kutapika na homa, mambo ambayo ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria au mchango.

Basi, ndugu mzazi, ukishuku kwamba mtoto amemeza sumaku, hata moja, usingoje dalili. Usimtapishe, wala usimpe dawa ya kuharisha. Mpeleke hospitali upesi, ueleze wazi kwamba ni sumaku, ili apigwe picha ya eksirei.

Sumaku kubwa ya spika, ikiwa nzima, iendelee kumfundisha mwanao. Zile za ukubwa wa punje zihesabu, uzifungie mbali na wadogo. Na hesabu ikipungua, zitafute siku hiyohiyo.