Msaada wa Nyumba: Tupange Ukweli, Tusitunge Stori



Mvua za Juba zinaanza mwezi wa nne na hazina huruma. Zikikaribia tu, maneno yanaanza kuzunguka pale kwenye bomba la maji: "Ati wanakuja kuandika watu wa nyumba." Hapo ndipo utaona mbio. Huyu anatafuta kadi iliyolala chini ya godoro tangu mwaka jana. Yule anakimbia kwa jirani kuazima mtoto. Ndiyo, kuazima mtoto. Tusijifiche, wote tumeona.

Sisi tunaojitolea hapa tunasaidia kutafsiri kwenye meza za kuandikisha, Kiswahili kwenda Kiarabu cha Juba na Kiingereza. Tumekaa pale jua na vumbi, tumesikia mengi. Leo tunataka kusema jambo moja: kujiandaa kuomba msaada wa nyumba si kutunga stori. Ni kupanga ukweli wako vizuri, kabla ya siku yenyewe kufika.

Hali yenyewe mnaijua. Gorom iko nje kidogo ya mji. Ilipangwa kwa watu 2,500 hivi, wengi wakati ule wakiwa ndugu zetu wa Ethiopia. Halafu tarehe 15 Aprili 2023 vita vikalipuka Khartoum, watu wa Sudan wakaja kwa maelfu, na kambi ikajaa mara kadhaa kupita kiasi chake. Wakongo na Warundi nao tupo humo humo. Mwaka 2025 Marekani ikakata pesa za misaada, na nchi nyingine nazo zikapunguza. Kwa hiyo hesabu ni rahisi: wanaoomba ni wengi, miti na maturubai ni machache. Mwenye orodha lazima achague, na anachagua kwa kufuata kile kilichoandikwa.

Tuwape mfano mmoja. Kuna mama tunakaa naye jirani. Majirani walimshauri: "Mama, sema mume amekufa, utapita haraka." Akasema hivyo. Lakini mume yumo kwenye kadi, na alama zake za vidole zimo kwenye kompyuta. Wapitaji wa nyumba kwa nyumba walipokuja kuhakikisha, walimkuta baba amekaa mlangoni anashona viatu. Jina la mama likasimamishwa.

Kinachotuuma ni hiki. Yule mama hakuhitaji uongo. Ndani ya nyumba ile alikuwa analala mama mkwe wake, bibi asiyeweza kutembea. Alikuja nyuma ya wenzake, na hakuna mtu aliyempeleka kuongezwa kwenye kadi ya familia. Bibi yule peke yake angeisogeza familia mbele kwenye orodha. Stori ya uongo ikaufunika ukweli uliokuwa na nguvu zaidi. Mwezi wa tano mvua ikamkuta bibi chini ya turubai lililopasuka.

Basi kujiandaa ni nini? Kwanza, toa kadi yako leo, isome. Nani amezaliwa na hayumo? Nani amefariki au amehama na bado yumo? Jina limeandikwa sawasawa? Marekebisho yanafanywa na Tume ya Wakimbizi ya serikali pamoja na UNHCR, kwa siku zao za kazi. Siku ya kuandikwa nyumba utakuwa umechelewa.

Pili, karatasi. Ya kliniki kama kuna mjamzito, ya hospitali kama kuna mgonjwa au mlemavu, na barua yoyote uliyopewa. Weka pamoja kwenye mfuko wa plastiki usioingia maji, na uzipige picha kwa simu, yako au ya mtu unayemwamini. Huna karatasi kabisa? Sema huna, na ueleze zilipotea wapi. Wengi tulikimbia usiku, si aibu.

Tatu, jua nyumba yako. Mnalala wangapi? Maji yanaingilia wapi? Nguzo gani zimeliwa na mchwa? Na tafadhali, usipasue turubai lako mwenyewe ili lionekane baya. Orodha ikichelewa miezi miwili, nani atalala humo?

Nne, na hili watu wanalisahau: uliza nani atajenga. Mara nyingi unapewa miti, kamba, misumari na turubai, halafu udongo na kazi ni juu yako. Kama wewe ni mzee, au unalea watoto peke yako, sema pale pale mezani kwamba huna mikono ya kujenga. Hilo nalo waliandike.

Tano, msaada hauuzwi. Anayekuambia toa kidogo jina lako liingie, huyo ni mwizi, hata kama amevaa vesti kama sisi.

Tunajua mtatujibu: "Nyinyi mnahubiri, lakini waliodanganya si wamejengewa?" Kweli, wengine wamejengewa. Hatuwezi kukataa kitu ambacho macho yameona. Lakini idadi ya nyumba haiongezeki kwa sababu ya uongo wetu. Kila familia ya kuazima inayoingia, kuna bibi kama yule anatoka. Na kila uongo ukigunduliwa, mwaka unaofuata maswali yanakuwa makali kwa wote, hata kwa mjane wa kweli, ambaye sasa lazima athibitishe kifo cha mumewe kana kwamba yeye ndiye aliyemuua.

Sasa nyinyi wa mashirika, tusikilizeni na sisi. Uongo mwingi unazaliwa kwa sababu watu hawajui mnatafuta nini. Bandikeni masharti ubaoni wiki kadhaa kabla, kwa Kiarabu, Kiswahili na lugha nyingine za kambini, na msomeeni asiyejua kusoma. Semeni wazi kuna nyumba ngapi. Na aliyekosa aambiwe amekosa kwa nini, na anaweza kulalamika wapi. Mkinyamaza, madalali wa kwenye bomba ndio wanaosema kwa niaba yenu, na watu wanawaamini kwa sababu hakuna mwingine aliyewaambia kitu. Tunajua pesa zimepungua na nyinyi wenyewe mmebaki wachache. Lakini kubandika karatasi ubaoni hakuhitaji wafadhili.

Na sisi vijana tusikae tu kulaumu. Tuliofika sekondari tunaweza kusoma kadi ya jirani. Ile familia ya bibi, tuliwasindikiza wiki mbili mfululizo mpaka bibi akaongezwa kwenye kadi. Nyumba bado hawajapata. Lakini orodha nyingine ikija, hawatahitaji kudanganya.

Jumamosi jioni tunakaa chini ya mwarobaini. Njoo na kadi yako, na umlete mzee asiyejua kusoma. Pesa uache nyumbani.