Taifodi Yangu Imefika Ngapi?

Hapa Masimba, kaunti ya Kisii, wagonjwa wengi wakifika kwenye dirisha la maabara ninakofanya kazi huniuliza, "Daktari, taifodi yangu imefika ngapi?" Mama ametoka kuchuma chai, kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma, na ugonjwa ameshaupa jina kabla sijamtoa damu. Anachosubiri ni namba tu, akanunue sipro, dawa ya kuua bakteria.

Namba hiyo tunaipata hivi. Naweka matone ya majimaji ya damu kwenye kibao cheupe, naongeza tone la dawa ya buluu kwa moja na la nyekundu kwa jingine, nakoroga kwa kijiti, kisha nazungusha kibao mkononi kwa dakika moja. Chembe zikigandamana, cheti kinaandikwa taifodi. Hicho ndicho kipimo cha Widal, kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1896. Bakteria yenyewe hakiioni. Kinaona kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini baada ya ugonjwa wa zamani, au huletwa na bakteria wengine wa jamii hiyo. Hata malaria hukichanganya. Mtu mzima aliyekunywa maji ya chemichemi za Gusii tangu utotoni, chembe zikigandamana mara moja hazijathibitisha kitu.

Sisemi taifodi haipo. Ipo, hutoboa utumbo na huua. Watafiti walipootesha damu ya wagonjwa wa homa waone kama bakteria itaota, Kibera walipata wagonjwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Lwak, kule Siaya, 29. Lakini vyeti tunavyotoa vijijini vingesomwa vilivyo, ungedhani kila anayetokwa na jasho usiku anayo.

Tanzania walichunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yakatoka 2014: wenye taifodi hawakufika hata wanne kwa mia. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Moshi nako, kati ya wagonjwa wa homa waliolazwa, wengi waliandikiwa malaria huku chini ya wawili kwa mia ndio waliokuwa nayo. Wengine walikuwa na homa za mifugo, kama leptospirosi na homa ya Q. Huku kwetu ng'ombe analala hatua chache kutoka jikoni. Homa za namna hiyo tunazitafuta wapi, ikiwa cheti kimeshafunga mjadala?

Na sipro inayomezwa kiholela inawafunza bakteria kuishi nayo. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamekuwa wakionya kuhusu taifodi sugu tangu miaka ya 1990. Siku mgonjwa wa kweli atakapofika, dawa itakuwa imeshachoka.

Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya taifodi, kuanzia miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Nilifurahi sana. Lakini chanjo hiyo haitasafisha chemichemi iliyo chini ya choo cha shimo, mteremkoni, na haitatuambia nani anaumwa nini. Kuotesha damu kunachukua siku kadhaa na kuna wagonjwa kunawakosa, lakini bakteria ikiota hakuna ubishi, na dawa inayoiua inajulikana. Naiomba kaunti iweke kwenye bajeti ijayo chupa za kuoteshea damu kwa waliozidiwa, na pikipiki ya kuzifikisha Kisii mjini siku hiyo hiyo.