Mshauri Nasaha Atasikiliza kwa Lugha Gani?

Mwaka 2014 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, sheria nambari 14 ya mwaka huo, ili kuweka utaratibu wa mafunzo, usajili, utoaji wa leseni na viwango vya kazi katika taaluma hiyo. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia. Kabla yake, hapakuwa na sheria mahususi ya kumzuia mtu kuhudhuria semina ya siku chache, kutundika cheti ukutani na kujiita mshauri. Hatua hiyo ilistahili pongezi. Hata hivyo, lipo swali ambalo halina budi kuulizwa kila programu ya mafunzo inapowasilishwa ili iidhinishwe: je, mshauri anayeandaliwa atamsikiliza Mkenya kwa lugha gani?

Haja ya washauri nasaha haikuzuka jana. Shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi liliua watu zaidi ya 200 na kuwaacha maelfu na majeraha ya mwili na ya nafsi. Mwaka 1999 Ukimwi ulitangazwa kuwa janga la kitaifa, na vituo vya ushauri na upimaji wa hiari vikaenea katika miaka iliyofuata. Mwaka 2001 adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni, na ushauri nasaha ukatarajiwa kuchukua nafasi ya kiboko. Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,000 na kuwafurusha wengi makwao. Katika matukio haya yote, aliyeketi mbele ya mshauri aghalabu alikuwa mchuuzi, mjane, mwanafunzi au mkimbizi wa ndani kwa ndani. Wengi wao hawalii kwa Kiingereza.

Kwa upande mwingine, mafunzo ya vyuo vikuu nchini, isipokuwa katika idara za Kiswahili na za lugha nyingine, hutolewa kwa Kiingereza. Mwanagenzi wa ushauri nasaha husoma nadharia, istilahi na mifano ya mazungumzo kwa lugha hiyo, na mitihani huifanya kwa lugha iyo hiyo. Programu inaweza kuwa na wahadhiri waliohitimu, maktaba ya kutosha na saa zote zinazotakiwa, na bado ikatoa mhitimu ambaye hajawahi kufunzwa namna ya kuuliza swali moja zito kwa Kiswahili.

Tatizo hili linaanzia katika jina la taaluma yenyewe. Shauri na nasaha ni maneno yanayobeba dhana ya kumwelekeza mtu la kufanya. Ilhali mojawapo ya mambo ya awali anayofunzwa mwanagenzi ni kwamba asimwamulie mteja. Amsikilize na kumsaidia kuiona njia yake mwenyewe. Neno unasihi, litumikalo sana Tanzania, halikwepi utata huo kwa kuwa linatokana na mzizi uo huo wa nasaha. Hivyo basi, mteja huja akitarajia maelekezo kama yale ya shangazi, somo, mchungaji au imamu, naye mshauri amefunzwa kujizuia kuyatoa. Mmoja angoja jibu, mwingine angoja mteja ajijibu. Asipoelezwa mapema, mteja ataondoka akidhani amepuuzwa. Mtaala ulioandikwa kwa kufuata neno la Kiingereza hauwezi kuiona hitilafu hii.

Utata wa pili umo katika kauli za kila siku. Msemaji wa Kiswahili anaposema "nina mawazo", hajigambi kuwa ana fikra nyingi. Anasema ameelemewa. Anaposema moyo umemfa, au roho inamuuma, hazungumzii ugonjwa wa moyo. Aliyedhulumiwa kijinsia huenda asilitaje tendo. Atasema "aliniharibu" au "alinitendea unyama", kisha anyamaze. Hiyo ni tafsida, na tafsida haisikiki kwa mtu ambaye hakufunzwa kuitambua. Istilahi nazo hazijatulia: hali moja huitwa sonona, mfadhaiko au unyogovu, kutegemea mwandishi na nchi. Mshauri mmoja akiandika hivi na mwenzake vile, mgonjwa atakayehamishwa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine ndiye atakayepata hasara.

Uzito wa suala hili umeongezeka. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mlango umefunguliwa ili anayefikiria kujitoa uhai aseme bila kuogopa pingu. Lakini atasemaje? Huenda akasema tu, "Nimechoka na dunia." Mshauri anayeitafsiri kauli hiyo kichwani neno kwa neno atasikia uchovu, ampendekezee mapumziko. Pengo kati ya kauli na maana linaweza kugharimu maisha.

Wapo watakaopinga kwamba Kenya ina lugha zaidi ya 40, na kwamba Kiswahili si lugha ya kwanza ya kila mteja. Hoja hiyo ina mashiko. Hata hivyo, Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, nacho ndicho kinachowakutanisha wasiochangia lugha ya mama. Kuanza nacho si kuzifungia mlango lugha nyingine.

Kadhalika, mamlaka ya kuidhinisha mafunzo yamegawika. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu huidhinisha programu za vyuo vikuu, vyuo vya kiufundi vina mamlaka yao, na Bodi hulinda taaluma. Nahodha wengi, chombo huenda mrama; suala la lugha lisipokabidhiwa yeyote litaachwa na wote. Inafaa vyombo hivi vikubaliane juu ya masharti matatu. Kwanza, kila programu iwe na kozi ya mawasiliano ya kitabibu kwa Kiswahili. Pili, sehemu ya mafunzo tarajali ifanywe na kutathminiwa kwa Kiswahili. Tatu, maelezo kuhusu siri, ridhaa na haki za mteja yapatikane kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Idara za Kiswahili nazo zisingoje kualikwa. Tamathali, tafsida na semantiki hazikuundwa kwa ajili ya mitihani pekee. Tasnifu chache kuhusu lugha ya huzuni, ya hofu na ya kukata tamaa zingekuwa na faida kubwa kwa mtaala wa ushauri nasaha. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Asiyeyaficha naye anastahili kumpata msikilizaji anayemwelewa.