Maji Yaliwahi Kufika Wapi?

Askari anapokaribia kustaafu, familia huanza kutafuta kiwanja. Wengi huvutiwa na ardhi ya kando ya ziwa. Kabla ya kutoa fedha, yafaa kuuliza: maji yaliwahi kufika wapi?

Mwezi wa Mei 1964, Ziwa Victoria lilipanda hadi mita 13.41 kwa kipimo cha Jinja. Miaka ikapita, watu wakajenga ufukoni. Mwezi wa Mei 2020, baada ya mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019, kipimo hicho kilipitwa kidogo, na maji yakaingia majumbani.

Leo swali letu hujibiwa pia kwa picha za setilaiti. Landsat ya kwanza ya Marekani ilirushwa mwaka 1972, lakini picha za namna hiyo huzibwa na mawingu, na mvua haiji bila mawingu. Sentinel-1 ya Ulaya, iliyorushwa mwaka 2014, hutumia rada, ambayo hupenya mawingu na kufanya kazi hata usiku. Mawimbi ya rada yakigonga maji yaliyotulia huruka upande wa pili wala hayarudi. Kwa hiyo maji huonekana meusi pichani.

Picha hiyo hugawanywa katika miraba, kila mmoja wenye upande wa mita 10. Miraba 100 ni hekta moja. Mpimaji huhesabu miraba ya maji kabla ya mvua, kisha baada yake. Ziada ndiyo mafuriko. Akirudia kazi hiyo mwaka hata mwaka, hutambua mahali palipofurika mara moja na mahali panapofurika kila mara.

Hata hivyo, picha peke yake haitoshi. Maji yaliyojificha chini ya mafunjo huweza kuonekana meupe, na barabara ya lami huonekana nyeusi kama maji. Ndiyo maana mpimaji hodari hushuka chini akauliza wenyeji.

Nawe fanya vivyo hivyo. Muulize mzee wa mahali hapo maji yalisimama wapi mwaka 2020, ukaitazame alama ya tope ukutani. Kumbuka pia kwamba kanuni za Uganda za mwaka 2000 zilitenga mita 200 za ufuko wa Ziwa Victoria zisijengwe. Kiinua mgongo hulipwa mara moja tu, ziwa hurudi.