Sumaku, Zebaki na Mama Mja Mzito

Mara nyingi huulizwa kama mwanamke mja mzito afanyaye kazi karibu na mitambo ya umeme anamhatarisha mtoto aliye tumboni. Swali hili ni la haki, hasa wilayani Korogwe, ambako kituo cha Hale kilianza kuzalisha umeme kwa maji ya mto Pangani mwaka 1964. Penye mkondo wa umeme pana uga wa sumaku, nao hupenya ukuta na mwili wa binadamu. Hauonekani wala hausikiki, na kwa hiyo huogofya.

Hata hivyo uga huo hupimika. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2010, kwa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, unaweka ukomo wa mikrotesla 1,000 kwa wafanyakazi na 200 kwa watu wote. Chini ya nyaya za msongo mkubwa kwa kawaida hupatikana mikrotesla chache tu, na uga hufifia upesi kadiri mtu anavyojitenga. (Uga wa dunia yenyewe, sehemu za Tanga, ni takriban mikrotesla 33, lakini huo haugeukigeuki kama wa umeme, na mwanafunzi asiulinganishe kijuujuu.) Uchunguzi kuhusu kuharibika kwa mimba umetoa majibu yanayopingana. Basi ni busara mja mzito ahesabiwe kwa ukomo wa watu wote, na asipangiwe kushinda kutwa ubavuni mwa jenereta. Zaidi ya hapo, hofu inapita kiasi.

Kusini-magharibi mwa Korogwe, wilayani Handeni, kuna machimbo ya dhahabu. Katika uchimbaji mdogo nchini, zebaki hutumika kunasa chembe za dhahabu, kisha mchanganyiko huchomwa motoni, pengine uani penye jiko la chakula. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, lakini hutoa mvuke hata katika joto la kawaida, na mvuke huo hauna harufu. Mama akiuvuta, huingia katika damu, huvuka kondo la nyuma na kuufikia ubongo wa mtoto ungali unajengeka. Hapa wataalamu hawabishani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mja mzito kazi ya kudhuru afya yake au ya mtoto. Mwanamke aliyeajiriwa penye mitambo anaweza kuidai haki hiyo. Yule achomaye zebaki uani hana mwajiri wa kumdai. Bosi wake ni njaa. Kinachomfaa ni chombo kilichofungwa chenye bomba la kupozea mvuke, kifaa ambacho mwalimu wa kemia akitaka kukieleza darasani hahitaji zaidi ya somo la ukenekaji, ambalo wanafunzi wa Handeni hufundishwa kama wenzao wote.