Weusi wa kioo si kinga ya leza

Ndugu mwandishi, hapo ulipowaambia watumiaji wa leza "vaeni miwani nyeusi" umewaponza watu. Huku Uvira, kuanzia Mulongwe hadi Kalundu, mafundi wa kuchomelea milango tunajua adhabu ya mwanga wa umeme: usiku macho yanawasha kama yametiwa mchanga, kisha baada ya siku moja au mbili yanapona. Leza haina huruma hiyo. Mashine za leza aina ya faiba za kushika mkononi hutoa mwanga wa nanomita 1070 hivi, usioonekana. Unapenya mpaka retina, na retina ikiungua hairudi. Tena hauhitaji kukulenga: ukigonga bati la inoksi linalong'aa, unarudi usoni.

Kwa hiyo soma maandishi kwenye fremu au kioo cha miwani. Lazima yataje nanomita za mashine yako, na kando yake OD, yaani kipimo cha kuzuia mwanga huo. OD 6 maana yake inapita sehemu yake moja tu kwa milioni. Miwani ya mashine ya leza ya CO2, ambayo ni nanomita 10600, inaweza kuwa nyeupe kabisa na ikafaa. Ukiivaa kwenye faiba, ni sawa na kuwa macho wazi. Kioo namba 11 cha kuchomelea nacho, hata kiwe cheusi vipi, hakikupimwa kwa kazi hiyo.

Miwani ya sokoni isiyo na maandishi? Vaa ukienda ufukweni. Na yule kijana anayekushikia chuma, naye anunuliwe yake.