Mjumbe na Mkono Uliomtuma

Imekuwa desturi katika madarasa yetu kumsifu mfalme na kumlaani akida. Mwanafunzi aulizwapo habari za Henry wa Saba, aliyeitawala Uingereza toka 1485 hata 1509, hujibu kwamba alikuwa mtawala mwenye hekima aliyewatia makabaila adabu. Aulizwapo habari za maakida wa Rufiji na Umatumbi, hujibu kwamba ukatili wao ndio uliowasha moto wa Maji Maji. Majibu yote mawili hupata alama nzuri. Mimi nasema kwamba tumepima kitu kimoja kwa mizani mbili.

Tazama kwanza hekima ya mfalme huyo. Makabaila aliowakuta walikuwa na nguvu za kumwangusha, naye hakuweza kutawala bila wao. Kwa hiyo aliwafunga kwa karatasi. Kabaila alitiwa katika hati ya kukiri deni kubwa. Deni hilo lililala maadamu alikuwa mtiifu. Siku aliyokosea, liliamka. Mwaka 1507 Bwana Bergavenny alitozwa faini ya zaidi ya pauni 70,000 kwa kosa la kuweka jeshi lake la wafuasi. Zaidi ya nusu ya nyumba kubwa za Uingereza zilipata kuonja vifungo vya namna hii. Amani ilikuja, lakini ilikuwa amani ya mdaiwa. Mfalme alipokufa, mwanawe aliwakamata Empson na Dudley, watozaji wa baba yake, na mwaka 1510 wakakatwa vichwa. Watozaji walilipa kwa shingo zao. Aliyewatuma alikwisha kuzikwa kwa heshima Westminster.

Sasa turudi kwetu. Wajerumani hawakuwa na askari wa kukaa katika kila kijiji. Walikichukua cheo cha akida walichokikuta pwani tangu enzi ya Sultani wa Unguja, wakakigeuza kiwafae. Akida aliwekwa juu ya majumbe wengi, na mara nyingi alikuwa mgeni kwa watu aliowaamuru. Nguvu yake haikutoka katika ukoo wala katika shauri la wazee, bali bomani. Mwaka 1898 ilianza kodi ya nyumba. Toka 1902, chini ya Gavana Götzen, likaja shamba la pamba la kijiji: watu walishurutishwa kulima, jumbe akapewa fungu la mapato, na mlimaji akapata kidogo mno. Hivyo jumbe, aliyekuwa baba wa kijiji, akafanywa mnyapara. Akikusanya pungufu, atajibu bomani. Akikusanya kamili, atachukiwa nyumbani. Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete, na akida wa Kibata akashambuliwa. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro.

Atauliza mtu: je, wewe wamtetea akida? Hasha! Aliyeshika kiboko ana dhambi yake, na hapana amri iwezayo kumwosha. Lakini kumlaani yeye peke yake ni kumfanyia kazi Gavana, maana faida moja ya kutawala kwa mkono wa mwingine ni kwamba chuki nayo humwendea huyo mwingine. Wahenga wetu walisema mjumbe hauawi. Rufiji na London zatufundisha kwamba mjumbe ndiye afikiwaye kwanza.

Mwaka 1963 Tanganyika huru iliyafuta madaraka ya machifu. Cheo kilifutwa, swali halikufutwa. Leo katika kijiji cha Kibiti au cha delta, mwenyekiti huchaguliwa na wanakijiji, na mtendaji huajiriwa na halmashauri. Wote wawili wamesimama katikati, pale pale aliposimama jumbe. Tusiwaulize tu kama ni wapole au wakali. Tuulize ni nani awezaye kuwaondoa, na ni nani wamwogopaye. Mtu wa kati amwogopaye wa juu peke yake hataweza kumpelekea wa juu habari ya kweli, wala wa chini hatamwambia.

Basi, ndugu zangu walimu, tuufute mtihani ule wa kusifu na kulaani. Mwanafunzi ajifunze kuufuata mkono kutoka kwenye kiboko hata begani, na kutoka begani hata kichwani kulikotoka amri. Asipojifunza hayo darasani, kesho atapewa kiboko yeye, naye atadhani kwamba amepewa heshima.